Majirani na amri ya kubaki nyumbani: nani alitii, na nani alilipa?

Katikati ya Mei 2020, wakati serikali nyingi za Afrika Mashariki zikiwahimiza wananchi wabaki nyumbani, foleni ya malori upande wa Kenya wa mpaka wa Malaba ilikuwa ikipimwa kwa makumi ya kilomita. Madereva walilala ndani ya malori na chini ya trela, wakapika kando ya barabara, wakasubiri majibu ya kipimo cha korona. Watu hao hao ndio waliokuwa wakitajwa karibu kila siku katika taarifa za Wizara ya Afya ya Uganda kuwa wagonjwa wapya.

Wakati ule swali lililoulizwa mitaani na katika ofisi za wakubwa lilikuwa moja: je, jirani naye anafuata amri? Mwenye nyumba alimchungulia mwenziwe wa mlango wa pili. Kenya iliitazama Tanzania, Rwanda ikamtazama dereva anayetoka Dar es Salaam, na Zambia ikaitazama Tunduma kwa wasiwasi.

Miaka kadhaa imepita na jibu linaweza kutolewa kwa utulivu. Amri ilifuatwa pale ambapo aliyeambiwa akae ndani alikuwa na chakula cha kula humo ndani. Mipakani, ilifuatwa pale tu nchi mbili zilipokubaliana kuheshimu cheti kimoja. Pasipokuwa na mawili hayo, amri ilivunjwa au ilikwepwa, na bili ikamwangukia msafirishaji na mchuuzi.

Kila nyumba na amri yake

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza Machi 13, 2020. Rwanda ilifuata siku moja baadaye, Tanzania Machi 16, Uganda Machi 21 na Burundi mwisho wa mwezi huo. Ugonjwa uliingia katika nyumba zote ndani ya wiki tatu, lakini kila nyumba ilijitungia amri yake.

Rwanda ilikuwa ya kwanza kufunga nchi nzima, kuanzia usiku wa Machi 21. Watu walitakiwa wasitoke ila kwa chakula, dawa au huduma ya benki, na mipaka ikafungwa isipokuwa kwa mizigo na raia wanaorudi nyumbani. Uganda ilifunga mipaka kwa abiria Machi 23, ikasimamisha usafiri wa umma, kisha kuanzia mwisho wa Machi ikapiga marufuku hata magari binafsi na kuweka amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni.

Kenya ilichukua njia ya katikati. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza Machi 27. Mwanzoni mwa Aprili, Nairobi na viunga vyake, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale, zikazuiwa watu kutoka na kuingia. Mchana, hata hivyo, mtu aliweza kwenda sokoni na kazini ndani ya eneo lake.

Tanzania ilifunga shule na vyuo, ikazuia mikusanyiko, na Aprili 12 ikasimamisha ndege za abiria za kimataifa. Lakini Rais John Magufuli alikataa kuwafungia watu ndani, akiwataka waendelee kuchapa kazi na kumwomba Mungu. Burundi nayo haikufunga. Kampeni za uchaguzi ziliendelea na wananchi wakapiga kura Mei 20.

Kwa hiyo mfanyabiashara aliyesafirisha shehena moja kutoka bandarini hadi Kigali au Bujumbura alipita katika sheria tatu au nne tofauti ndani ya wiki moja.

Mwenye akiba alikaa, mwenye kibarua alitoka

Takwimu za mienendo ya watu ambazo kampuni ya Google ilizichapisha mwaka 2020 kutokana na simu za mkononi zilionyesha kuwa shughuli katika vituo vya usafiri na maeneo ya biashara zilipungua zaidi Rwanda na Uganda kuliko Kenya, na Kenya kuliko Tanzania. Hilo halishangazi, kwani ndivyo ukali wa amri ulivyopishana.

Lakini ukali peke yake hauelezi kila kitu. Rwanda ilikuwa na viongozi wa vijiji na mitaa wanaofahamu kila kaya. Hao walitumika kuwasimamia majirani wasitoke, na hao hao wakatumika kugawa unga, mchele na maharage mlango kwa mlango kuanzia mwisho wa Machi. Polisi nao hawakulala, na baadhi ya waliokamatwa usiku walikesha katika viwanja vya michezo wakihubiriwa kuhusu korona.

Uganda iligawa chakula katika maeneo ya Kampala na Wakiso: kilo sita za unga wa mahindi na kilo tatu za maharage kwa kila mtu. Wachuuzi wa masoko ya chakula waliambiwa walale sokoni wasibebe ugonjwa kupeleka nyumbani, na wengi walifanya hivyo kwa wiki nyingi, chini ya vyandarua na juu ya meza zao za kuuzia. Waendesha bodaboda waliruhusiwa kubeba mizigo tu. Abiria walirudi mwishoni mwa Julai.

Nchini Kenya, zaidi ya watu wanane kati ya kumi wenye kazi wako katika sekta isiyo rasmi. Mtu wa aina hiyo hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Anakula alichopata leo. Ndiyo maana siku ya kwanza ya kafyu, kivukoni Likoni, umati wa watu wanaorudi makwao ulikuwa bado unasubiri feri polisi walipoanza kutumia mabomu ya machozi na virungu kabla saa ya amri haijafika. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa nguvu zilizotumika.

Wachumi hulieleza jambo hili kwa lugha ya gharama. Kwa mwenye akiba, kukaa ndani siku kumi na nne ni usumbufu. Kwa mwenye kibarua, ni kuuza cherehani, baiskeli au mtaji wote. Wote wawili wanaweza kuwa wanauogopa ugonjwa kwa kiwango sawa, lakini mmoja tu ndiye anayeweza kumudu kutii.

Dereva hana nyumba ya kubaki

Katika amri zote hizo, kundi moja liliagizwa kufanya kinyume. Mizigo ilitakiwa iendelee kwenda, kwani nchi zisizo na bahari zisingeweza kukaa bila mafuta, dawa na ngano. Dereva wa lori akaambiwa aendeshe huku kila mtu mwingine akiambiwa akae.

Uganda ilianza kuwapima madereva mpakani katikati ya Aprili. Mwanzoni walichukuliwa sampuli wakaachwa waendelee na safari, na majibu yakija wagonjwa walitafutwa njiani. Utaratibu huo uliwatia hofu wananchi, na Mei ukabadilishwa: dereva asubiri majibu mpakani. Ndipo foleni ya Malaba na Busia ikarefuka, kwa kuwa uwezo wa maabara ulikuwa mdogo kuliko idadi ya malori.

Miji ya njiani iliyozoea kuishi kwa fedha za madereva iliwageuka. Palipokuwa na chai ya moto na kitanda, sasa palikuwa na mlango uliofungwa. Uganda iliteua vituo maalumu ambako tu lori lingeweza kusimama. Mwezi huo huo iliamua kuwa madereva wa kigeni waliokutwa na virusi wasiingizwe katika hesabu yake ya wagonjwa. Kwa hesabu za serikali huenda lilikuwa jambo la haki. Kwa dereva, lilikuwa na maana kwamba nchi anayoilisha haimhesabu, na nchi anayotoka haijamwona.

Kenya kwa upande wake iliagiza kuwa kuanzia Juni 1, 2020, mizigo ya kwenda nchi jirani isafirishwe kwa treni ya SGR hadi bandari kavu ya Naivasha ili kupunguza mwendo wa malori kutoka Mombasa. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Wasafirishaji walipinga, wakiona kuwa ugonjwa umetumika kulipatia reli soko ambalo ilikuwa ikilitafuta tangu awali.

Namanga, Rusumo na Nakonde

Ugomvi mkubwa zaidi ulihusu Tanzania. Baada ya mwisho wa Aprili taarifa za wagonjwa zilikoma kutolewa Tanzania Bara, na hesabu iliyobaki kwenye vitabu vya dunia ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Mwanzoni mwa Mei Rais Magufuli alitilia shaka maabara ya taifa, akisema sampuli za papai na mbuzi zimetoa majibu ya kuwa na virusi.

Majirani hawakusubiri maelezo zaidi. Rwanda ilikwisha kutaka madereva wa Tanzania wakabidhi magari yao kwa madereva wengine mpakani Rusumo, jambo lililozua malalamiko na magari kukwama hadi serikali mbili zilipokaa mezani katikati ya Mei. Hofu ya wenye magari ilikuwa rahisi kuielewa: nani atalipa gari likipinduliwa na dereva asiyemfahamu?

Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde na Tunduma Mei 11 baada ya wagonjwa wengi kugunduliwa katika mji huo wa mpakani, na kwa siku kadhaa mizigo ya kwenda Zambia na Kongo ilisimama. Mei 16, Kenya ikafunga mipaka yake na Tanzania na Somalia kwa abiria, ikaruhusu mizigo tu, na kila dereva apimwe.

Tanzania ilijibu. Baadhi ya mikoa ya mpakani ikayazuia malori ya Kenya, na upande wa Tanzania ukadai kuwa madereva wake waliokutwa na virusi Kenya walipopimwa tena nyumbani hawakuwa navyo. Kwa siku chache Namanga, Holili na Horohoro hazikupitika kwa kawaida. Marais wawili wakazungumza kwa simu, mawaziri wakakutana Namanga Mei 22, na malori yakaanza kutembea.

Kilichoonekana hapo ni kwamba ugomvi haukuwa juu ya kupima au kutopima. Ulikuwa juu ya kuamini kipimo cha mwenzako. Mei 12 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana kwa njia ya video. Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilishiriki, Tanzania na Burundi hazikuwapo. Jumuiya yenye soko la pamoja tangu 2010 ilishindwa kukaa meza moja katika wiki ambayo malori yake yalikuwa yamesimama.

Mvutano haukuisha hapo. Julai 31 Tanzania iliinyima Kenya Airways kibali cha kutua kuanzia Agosti 1, baada ya Kenya kuiacha nje ya orodha ya nchi ambazo abiria wake wangeingia bila karantini. Kibali kilirejeshwa katikati ya Septemba. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, na nyasi hapa ni wenye hoteli za Arusha na wafanyabiashara wa Kariakoo na Nairobi.

Njia za panya zilikuwa wazi

Je, kufunga kulizuia watu kuvuka? Yeyote anayeifahamu Busia, Namanga au Mutukula anajua jibu. Geti la serikali lilifungwa. Njia za panya hazina geti.

Mpaka ule hupita katikati ya mashamba na koo. Mama anayeuza nyanya upande mmoja ana dada yake upande wa pili. Kabla ya korona alivuka kihalali, akaandikwa, akalipa kidogo au hakulipa kitu. Geti lilipofungwa kwa watembea kwa miguu, baadhi yao waliacha biashara, wengine wakapita vichakani usiku au kumlipa mwenye bodaboda na wale wanaolinda njia. Bidhaa ikafika ikiwa ghali, mtu akavuka bila kupimwa, na forodha haikuona kitu. Yaani amri iliyokusudiwa kumzuia mgonjwa ilimwondoa mbele ya macho ya mpimaji.

Mfano bora ulitoka mpaka wa Goma na Gisenyi. Kabla ya 2020 makumi ya maelfu ya watu walivuka pale kila siku, wengi wao wanawake wenye mizigo kichwani. Mpaka ulipofungwa kwa wachuuzi, waliunda vikundi, wakaunganisha bidhaa zao katika gari moja na kutuma mtu mmoja badala ya mia. Faida ilipungua na wenye mtaji mdogo sana waliachwa nyuma, lakini mboga na samaki zilivuka bila kujificha.

Pale ambapo utaratibu kama huo haukuwekwa, wilaya za mipakani ndizo zilizolipa. Rusizi ya Rwanda, inayopakana na Bukavu, ilifungwa tena Juni 2020 nchi nzima ikiwa imeshaanza kufunguliwa. Uganda nayo ilipolegeza masharti iliziacha wilaya za mpakani zikisubiri zaidi.

Siku moja ya foleni ni kiasi gani?

Chukua mfano wa mwenye lori moja anayefanya safari tatu kwa mwezi kati ya Mombasa na Kampala, njia ya takriban kilomita 1,170. Foleni ya siku kumi inamwondolea safari moja kati ya tatu, yaani theluthi ya mapato. Lakini mkopo wa benki haupungui theluthi, bima haipungui, na posho ya dereva inaongezeka kwa kuwa anakula barabarani siku kumi zaidi.

Mwenye shehena naye anadaiwa na kampuni ya meli kwa kuchelewesha kontena. Mwenye duka Kampala ananunua mali kwa bei ya juu, anauza kwa wateja waliokaa miezi miwili bila kazi. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyepewa kilo sita za unga kwa ajili ya hasara hiyo.

Hata hivyo, haitakuwa haki kusema kuwa kutofunga kulikuwa bure. Mwaka 2021 Tanzania ilipitia wimbi zito la ugonjwa. Zanzibar ilimpoteza Makamu wa Kwanza wa Rais, Maalim Seif Sharif Hamad, Februari 17 mwaka huo, wiki kadhaa baada ya chama chake kusema ameambukizwa. Machi, Rais Samia Suluhu Hassan alipoingia madarakani, aliunda kamati ya wataalamu, na mwishoni mwa Julai 2021 akachanjwa hadharani. Burundi nako, Rais Évariste Ndayishimiye alitangaza mwisho wa Juni 2020 kuwa korona ni adui mkubwa, akapunguza bei ya sabuni. Nchi mbili ambazo hazikufunga zilirudi kwenye tahadhari, lakini imani ya jirani huchukua muda mrefu kurudi kuliko ilivyochukua kupotea.

Kilichosaidia

Kilichopunguza foleni hatimaye hakikuwa geti. Kilikuwa maabara na karatasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizipatia nchi wanachama maabara za kuhamishika, na mwaka 2020 ikaanzisha mfumo wa elektroniki wa kikanda wa kufuatilia mizigo na madereva. Dereva alipimwa anakotoka, cheti kikaingia kwenye simu yake, kikatambuliwa kwa siku 14 na ofisa wa nchi ya pili. Nchi hazikuingia zote kwa mwendo mmoja, lakini pale mfumo ulipotumika, lori halikusubiri kupimwa upya.

Mara nchi moja ilipouacha utaratibu huo, matokeo yalikuwa yale yale. Januari 2022 Uganda ilimtaka kila anayeingia apimwe, na madereva watozwe dola 30. Madereva waliegesha malori Malaba na Busia. Ndani ya siku chache petroli ilipungua Uganda, na sehemu nyingine bei ikapanda zaidi ya maradufu hadi sharti hilo liliposimamishwa. Aliyekaa nyumbani Mbarara, mbali kabisa na mpaka, alilipa foleni hiyo kwenye nauli.

Uganda yenyewe ilionyesha imejifunza ilipopata Ebola. Oktoba 2022 ilizifunga wilaya za Mubende na Kassanda kwa watu, lakini malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita. Na Julai 2024, mgonjwa wa kwanza wa homa ya nyani nchini Kenya alitambuliwa katika kituo cha mpakani Taita Taveta, akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda. Alionekana kwa sababu alipita getini. Kama angepita njia ya panya, asingeonekana.

Mambo ya kuzingatia

Kwa wafanyabiashara na wasafirishaji, mafunzo manne yanafaa kuwekwa akilini kabla ya ugonjwa mwingine kubisha hodi.

Kwanza, mkataba wa usafirishaji ueleze wazi nani analipa siku za kusubiri mpakani pale serikali inapobadilisha masharti ya afya. Wengi mwaka 2020 waligundua kuwa karatasi zao hazina neno juu ya hilo, na mwenye lori akabaki na hasara.

Pili, kumbukumbu za afya za dereva, ikiwamo kadi ya manjano ya chanjo, zitunzwe kama leseni na bima ya gari. Cheti kisichotambulika upande wa pili hakina thamani. Ni vyema kuuliza kabla ya kuondoka.

Tatu, wachuuzi wadogo wajisajili katika vikundi mapema. Goma na Gisenyi walioweza kuunganisha mizigo ni wale walioweza kuaminiana.

Nne, vyama vya wasafirishaji vidai kiti mezani wakati masharti yanapotungwa. Mei 2020 amri zilitolewa mchana, zikaanza kutumika usiku, na dereva akazisikia akiwa tayari kwenye foleni.

Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Mwaka 2020 kila serikali ilikuwa ikichungulia uani kwa jirani kuona kama amri inafuatwa. Wakati huo mtu aliyekuwa akipeleka unga kwa nyumba zote mbili alikuwa amesimama mlangoni, hana pa kulala, na hakuna aliyemfungulia.